Saisi Bila Farasi: Kazi ya Kufunza Wanyama wa Wengine Mipakani mwa West Nile

Utangulizi

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuhusu farasi. Farasi mwenyewe, lijamu ya kinywani mwake, hatamu za kumwongozea, na saisi anayemlisha na kumzoeza, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Neno saisi lina undugu usiotajwa mara nyingi: katika Kiarabu linatokana na mzizi uleule uliozaa neno siasa. Anayemtunza mnyama na anayetawala watu wamechimbuka katika dhana moja ya kuongoza. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili mjini Arua au Koboko huweza kutaja hatamu za uongozi maisha yake yote bila kumwona farasi. Makala hii inachunguza ni nani aliyefanya kazi ya saisi katika ukanda usio na farasi. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na wenyeji, mnyama akiwa tembo na mwenye mnyama akiwa dola ya kikoloni, na kwamba kumbukumbu zilimtunza zaidi mwenye mali kuliko mwenye ujuzi.

Mbung'o na tatizo la usafiri

Sababu ya kwanza ya uhaba wa farasi ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, na West Nile ni miongoni mwa maeneo ya Uganda yaliyosumbuliwa na malale kwa muda mrefu. Farasi hawawezi kustahimili nagana. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, mizigo ilibebwa vichwani mwa wapagazi.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitafuta njia nyingine. Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakiongozwa na Kapteni Frederick Carter pamoja na wafunzaji wa Kihindi. Walielekea bara kupitia Mpwapwa, lakini walikufa mmoja baada ya mwingine, na Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880. Jaribio hilo lilishindwa, ila wazo halikufa.

Mpaka mmoja, tembo wa hali mbili

Kuanzia 1894 eneo lililo magharibi mwa Mto Nile, ikiwamo nchi ya Koboko na Arua ya leo, lilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Leopold alikodishiwa na Waingereza kwa muda wa uhai wake. Alipofariki Desemba 1909, Lado ilirejeshwa upande wa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Arua ilifanywa makao ya wilaya. Katika kipindi hicho cha mpito wawindaji wa Kizungu, akiwamo W. D. M. Bell, waliingia Lado kuua tembo kwa ajili ya pembe.

Magharibi zaidi, ukivuka Aba na Faradje, tembo haohao walikuwa na thamani nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Api katika nchi ya Uele, ofisa wa Kibelgiji Jules Laplume alianzisha kituo cha kufuga tembo wa Kiafrika. Baadaye kazi hiyo ilihamia Gangala-na-Bodio, kando ya Mto Dungu, karibu na ilipokuja kuanzishwa Hifadhi ya Garamba mwaka 1938. Tembo wachanga walifukuzwa porini, wakafungwa kamba miguuni, kisha wakaongozwa hadi kituoni wakiwa kati ya tembo waliokwisha kuzoea watu. Huko walifundishwa kupandwa, kulima na kuvuta magari ya mizigo.

Aliyefunga kamba, aliyemlisha mnyama, aliyemwogesha mtoni na kumwimbia hadi akatulia, kwa kawaida alikuwa Mzande. Mnyama alikuwa mali ya serikali. Mpandaji alikuwa na mamlaka kamili juu ya mwendo wa tembo, lakini hakuwa na mamlaka yoyote juu ya matumizi yake wala uuzaji wake.

Jina la kazi

Utengano huo unaonekana pia katika lugha. Wabelgiji walimwita mfunzaji huyo konaki, neno la Kifaransa lililopitia Kireno kutoka Kisinhala. Jina la kazi lilisafiri kutoka Sri Lanka, wakati mkono uliofanya kazi ulikuwa wa Uele. Kiswahili nacho kina saisi kwa ajili ya farasi, lakini hakina neno lililozoeleka la mtu anayempanda na kumfunza tembo.

Upande wa Uganda, Kiswahili kilienea West Nile kwa kiasi kikubwa kupitia kambi za jeshi la King's African Rifles. Kilikuwa lugha ya kupokea amri. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa iliongeza taswira hiyo. Kwa hiyo msemaji alirithi hatamu kama sitiari ya utawala, bila kurithi msamiati wa anayezishika kwa kazi.

Hitimisho

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wake West Nile utagongana na kumbukumbu ya kambi iwapo vitabu vitaleta lugha ya ofisini peke yake. Mapendekezo ni mawili. Kwanza, watafiti wa pande tatu za mpaka wakusanye istilahi za kuzoeza wanyama katika Kilugbara, Kikakwa na Kizande, kabla wazee wanaozijua hawajaondoka. Pili, waandaaji wa mitaala wazitumie istilahi hizo kuunda maneno ya Kiswahili yanayohusu maksai, punda na kilimo, ili mwanafunzi akikute Kiswahili shambani kabla ya kukikuta katika amri. Saisi na siasa vilitoka katika mzizi mmoja. Sera ya lugha iliyomsikiliza mmoja tu wa ndugu hawa haijakamilika.