Missa Luba: maombolezo ya Waluba ndani ya Misa ya Kilatini

Mnamo Machi 23, 1958, katika misheni ya Kamina, Katanga, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji, iliimbwa Misa yenye maneno ya Kilatini na sauti za wenyeji. Waimbaji walikuwa wavulana wapatao 45 na walimu 15 wa kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoanzishwa na Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji. Misa hiyo ndiyo Missa Luba.

Watunzi wa Ulaya wana njia zao za kuonyesha huzuni. Johann Sebastian Bach, katika Misa yake kuu, aliweka habari ya kusulubiwa juu ya sauti ya besi inayoshuka polepole na kurudiwa tena na tena. Kamina ilifuata njia nyingine: hisia zilitolewa katika nyimbo ambazo watu walikwisha kuzililia misibani.

Sala ya kuomba huruma imejengwa juu ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba wa Kasai. Kiongozi huanza, kundi humpokea, na aijuaye kasala hahitaji Kilatini kutambua kuwa pana kilio. Katika Nasadiki, habari ya kusulubiwa inapofikiwa, husikika ngoma ya kutangaza kifo. La kushangaza zaidi ni Mtakatifu. Mahali ambapo wengi wangetazamia shangwe tangu mwanzo, pamewekwa wimbo wa kuagana. Furaha huja baadaye, kwenye Hosana, kwa mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai.

Mwaka huohuo kwaya ilizuru Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Sahani yake ya santuri ilivuma, na mwaka 1968 Mtakatifu ikatumika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If....

Sifa za utunzi zilimwendea hasa Haazen. Hata hivyo, muziki wenyewe haukuandikwa kwanza: ulizaliwa katika mazoezi, waimbaji wakibuni kwa pamoja, na mwalimu Joachim Ngoi akiongoza kwa sauti yake. Nota zilikuja baadaye, zikanakiliwa kutoka kwenye santuri. Hivyo kwaya ya leo inayoshika nota hizo kwa uaminifu huimba ubunifu wa siku moja, ambao waimbaji wa Kamina wenyewe hawakulazimika kuurudia.