Kabla ya Python, Jifunze Thika

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kuna kazi moja inayopanda bei kwa stori zetu. Siku hizi ni mchambuzi wa teknolojia ya fedha: yule msee wa ofisi za Westlands ama Upper Hill anayeangalia vile watu wanatuma, wanakopa na wanalipa pesa kwa simu, halafu anaambia kampuni ifanye nini. Na ushauri ni ule ule kila mahali. Jifunze Excel. Jifunze SQL. Jifunze Python. Weka cheti LinkedIn.

Sina neno na Python. Lakini naona tunaanza stori katikati. Hii kazi ina historia hapa kwetu Kenya, na ukiijua utaelewa ni nini hasa mchambuzi analipwa kufanya. Pia utajua vile kazi hiyo hiyo inaweza kuumiza watu.

Turudi Oktoba 2005. Vodafone ya Uingereza na Safaricom, pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu na benki ya CBA, walianza majaribio Nairobi na Thika. Sehemu ya pesa ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Wateja walikuwa karibu 500 na maduka ya mawakala 8. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo: mtu aliyekopa Faulu apokee mkopo wake kwa simu na aulipe kwa simu. Basi. Kutumiana doh kama tunavyofanya leo hakukuwa lengo kuu.

Na ukiangalia lile lengo kuu, mambo hayakwenda sawa. Wateja wa Faulu walikuwa kwenye vikundi vya kudhaminiana, na mikutano ya kikundi ndiyo iliwashikanisha. Sasa kama nimeshalipa kwa simu, naenda mkutano kufanya nini? Tena rekodi za simu na vitabu vya Faulu hazikuingiliana kirahisi. Mchambuzi mvivu angeandika ripoti ya kurasa mbili kwamba jaribio limefeli, afunge laptop, aende zake.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliosukuma huo mradi upande wa Vodafone, walieleza baadaye kile walichoona wakifuatilia watu wenyewe. Kuna waliokuwa wakiweka pesa kwa wakala upande mmoja, wanapanda gari, wanatoa pesa upande ule mwingine, ili wasisafiri na noti mfukoni. Kuna wenye biashara waliogeuza simu kuwa sefu ya usiku, kwa sababu benki ilifunga mapema kuliko duka la wakala. Kuna walionunua kredo kupitia mfumo na kuituma moja kwa moja kwa jamaa wa ushago, kama njia ya kusaidia nyumbani. Wengine walikuwa wanalipiana wenyewe kwa wenyewe kwa biashara.

Hakuna aliyewafundisha hayo. Watu walichukua kifaa cha kulipia mkopo wakakitumia kwa shida walizokuwa nazo tayari. Kabla ya hapo, ukifanya kazi Nairobi na mama yako yuko Siaya ama Kitui, pesa ulimpa dereva wa basi, ama mtu wa kijijini anayesafiri, ama ulipanga foleni Posta. Hiyo shida ilikuwa wazi kwa kila mfanyakazi wa mjini. Ilihitaji mtu wa kukubali kwamba wateja wameonyesha njia tofauti na ile ya mpango.

Na walikubali. M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, mikopo ya vikundi haikuwa tena mbele. Matangazo yalikuambia utume pesa nyumbani. Yaliyobaki unayajua, kwa sababu pengine karo yako ililipwa hivyo.

Kuna somo la pili ambalo watu huliruka. Desemba 2008, baada ya manung'uniko ya mabenki, serikali iliagiza mfumo huu ukaguliwe. Swali lilikuwa moja: hizi pesa za watu ziko wapi? Jibu lilikuwa kwamba kila shilingi unayoiona kwa simu lazima iwe na shilingi yake halisi benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni ya simu haiwezi kuifanya yake. Mapema 2009 mfumo ulitangazwa kuwa salama. Sehemu kubwa ya uchambuzi wa fedha mpaka leo ni hiyo: kuhakikisha pande mbili zinalingana, kila siku, bila kuchoka. Haipendezi kwa video ya sekunde 60, lakini isipofanywa, mama mboga ndiye anayelala njaa.

Somo la tatu linatoka kwa wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack. Wangeweza kuhesabu tu watu wangapi wamejisajili. Badala yake walifuata familia kwa miaka wakiuliza: wakala wakiongezeka karibu na nyumba yako, maisha yako yanabadilika vipi? Mwaka 2016 walichapisha jibu kwenye jarida la Science. Walikadiria kwamba M-Pesa ilitoa familia 194,000 kwenye umaskini, yaani karibu 2% ya familia za Kenya, na nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zilifaidi zaidi. Swali zuri lilitoa jibu zuri.

Sasa tufike mahali ambapo historia inauma. Novemba 2012 Safaricom na CBA walizindua M-Shwari. Mtu asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri aliweza kukopa kuanzia shilingi 100, kwa sababu vile anavyotumia kredo na M-Pesa viligeuzwa kuwa alama ya kukopa. Hapa mchambuzi wa data alipata nguvu ambayo zamani ilikuwa ya meneja wa benki. Ada ilikuwa 7.5% kwa siku 30. Inasikika kidogo. Sasa kopa kila mwezi mwaka mzima: umelipa 90%.

Halafu zikaja apu za mikopo, moja baada ya nyingine, nyingine zikisoma mpaka meseji zako. Kwa ripoti za ofisi, mambo yalikuwa yanang'aa: wakopaji wengi, mikopo mingi, haraka. Mtaani ilikuwa stori nyingine. Vijana walijikuta CRB kwa deni dogo kuliko nauli ya matatu ya wiki moja, na wakienda kutafuta kazi wanaambiwa walete cheti cha CRB. Yaani huna kazi kwa sababu ya deni, na una deni kwa sababu huna kazi. Kuna wakopeshaji waliopigia simu bosi, shangazi na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha.

Ilibidi sheria iingie. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kuripotiwa CRB kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000. Mwishoni mwa 2021 sheria ilibadilishwa ili wakopeshaji wa simu wapate leseni, na kanuni za 2022 zikapiga marufuku huo mtindo wa kuaibisha watu.

Weka hesabu mbili mezani. Utafiti wa FinAccess unaonyesha Wakenya wazima wanaofikia huduma rasmi za fedha walikuwa 26.7% mwaka 2006, na 84.8% mwaka 2024. Hiyo ni shangwe. Lakini utafiti huo huo unapima afya ya kifedha, yaani kama mtu anaweza kumudu mahitaji ya kila siku, kuhimili dharura na kuwekeza kwa kesho. Hiyo ilishuka kutoka 39.4% mwaka 2016 hadi 17.1% mwaka 2021. Siwezi kulaumu apu za mikopo kwa kila kitu, maana COVID na bei ya vitu vilitupiga pia. Ninachosema ni kwamba ukiangalia hesabu ya kwanza peke yake, utadhani kazi imekwisha.

Najua kuna mtu atasema, "Mimi nataka kazi, historia nitakula?" Ni haki yako. SQL itakufikisha kwa mahojiano, hilo sibishi. Lakini kila kampuni tayari ina watu wa kuandika hizo kodi. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, "Hawa ambao hawakulipa, wiki hiyo kulikuwa na nini?" Pengine karo. Pengine mvua ilibeba kibanda.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, usingoje kozi ya bei. Takwimu za malipo ya simu ziko bure kwa tovuti ya Benki Kuu, mwezi kwa mwezi. Ripoti za FinAccess pia ni bure. Zifungue hata kwa saiba, uchore grafu yako ya kwanza, uandike ukurasa mmoja kueleza unachokiona. Soma Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ujue data ya mtu si mali yako ya kuchezea. Halafu nenda kwa wakala wa mtaa wenu saa ambazo hana foleni, umuulize kwa heshima: watu hutoa pesa siku gani sana, floti humwishia lini, wazee husumbuliwa na nini kwa menyu. Andika.

Siku moja mtu atakupa kazi ya kuamua nani akopeshwe na nani anyimwe. Kwa skrini atakuwa mstari mmoja kati ya milioni. Anaweza kuwa huyo mama wa kibanda cha hapo nje, na wewe ndiye pekee kwa hiyo ofisi anayejua anafunga saa ngapi.