Maneno ya Pwani katika Biblia ya Kiswahili: Kutoka Mombasa na Unguja hadi Noordstation

Kiswahili husikika leo katika vituo vya treni vya Ulaya ambavyo wazee wetu hawakupata hata kuyasikia majina yake. Kimojawapo ni kituo cha kaskazini cha Brussels, ambacho wasemao Kifaransa hukiita Gare du Nord na wasemao Kiholanzi hukiita Noordstation. Hapo hupita watu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Hupita pia jamaa zetu wenye asili ya Unguja, Mombasa na Lamu, wakibadili treni na mabasi ya masafa marefu baina ya Uingereza, Uholanzi na Ujerumani. Wengi katika kundi lile la kwanza ni Wakristo, na wanapotaka kutiana moyo hutumia Kiswahili cha Biblia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza Kiswahili hicho kilitoka wapi. Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya maneno yake ya imani ilitoka kwa masheikh na watu wa mitaani wa Mombasa na Unguja. Kwa hiyo kitabu ambacho nyumba nyingi za asili ya Pwani hazikupata kukihesabu katika turathi zao kimo ndani ya tarikh yao, wapende wasipende. Hatuandiki kwa ajili ya kubishana dini. Khitilafu baina ya dini mbili hizi zipo na zinajulikana. Tunaandika kuhusu lugha, na kuhusu watu walioitoa.

Kadhi na mgeni wake

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kiingereza, alifika Unguja Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani, wamtazame kwa wema. Krapf akaenda kukaa Mombasa mwaka huo huo. Mwezi Julai mkewe, Rosine, alifariki, na baada ya siku chache akafariki pia binti yao mchanga. Watu wa Mombasa walimjua kama mgeni aliyefiwa kabla ya kumjua kama mtu wa vitabu.

Katika miezi hiyo hiyo alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Habari za Adamu na Hawa, za Nuhu na safina, za Ibrahimu na mwanawe, hazikuwa ngeni kwa kadhi. Alikuwa na istilahi zake tayari, kwa kuwa yeye na baba zake walikuwa wakizifundisha darsani. Krapf alileta matini, na Sheikh Ali akawa na maneno. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapwa Marekani, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, kabla ya muongo ule kwisha. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi.

Zaburi sita za Sheikh Abdul Aziz

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1864, Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Steere alileta mtambo wa kupigia chapa na akajifunza lugha kwa watu wa mjini. Miongoni mwao alikuwa Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni wa tarika ya Kadiriya, aliyefariki mwaka 1896. Sheikh huyu alijadiliana na wamisionari katika mambo ya dini, na hakuna anayeweza kusema kwamba aliyumba katika Uislamu wake.

Hata hivyo, Steere mwenyewe ameandika katika dibaji ya kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, kilichotoka mwaka 1870, kwamba Sheikh alijitolea kuitia Zaburi ya Kiarabu katika Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi ilifika Zaburi ya sita, ikasita. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na lugha yake, kwa maneno ya Steere, ilikuwa ya kisomi mno kwa kusudio la tafsiri ile. Steere alizipiga chapa zile sita, ziwe kumbukumbu ya hisani ya Sheikh na mfano wa Kiswahili ambacho mwanachuoni wa Unguja alikiona kuwa ndicho fasaha.

Tunaliona tukio hili kuwa kubwa. Kadhi wa Kiislamu aliona Zaburi, kitabu ambacho Waislamu wanaamini aliteremshiwa Nabii Daudi, kuwa inastahili Kiswahili chake kizuri kupita vyote. Naye askofu mtarajiwa aliona Kiswahili hicho kimekwenda juu kuliko wasomaji aliokuwa nao. Wasomaji hao walikuwa nani?

Jibu si la kupendeza, lakini ni wajibu wa mwanahistoria kulitoa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni ile walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Sayyid Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864. Waliofuata wengi walikuwa watoto waliokombolewa baharini, wenye asili ya Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kilikuwa lugha ya njia waliyopitishwa na ya soko walikouzwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Steere aliandika kwa ajili ya hao. Ndiyo maana maneno ya imani yalibaki yale ya masheikh, na sentensi zikawa za watu wa sokoni na bandarini. Agano Jipya la Unguja lilikamilika kabla Steere hajafariki mwaka 1882. Biblia nzima ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Maneno yenyewe

Tukiifungua Biblia ya Kiswahili leo tunakuta injili, zaburi, torati, nabii, malaika, shetani, roho, imani, neema, rehema, dhambi, toba, sala, ibada, sadaka, madhabahu, hekalu, baraka na amani. Yote yamekuja kwa njia ya Kiarabu. Hata kanisa na msalaba ni maneno ya Kiarabu, yanayotumiwa na Wakristo Waarabu wenyewe. Neno injili lilisafiri mbali zaidi, kwani mzizi wake ni wa Kiyunani. Lilifika Arabuni, likaingia katika Qurani, likaja Pwani na Uislamu, kisha Wakristo wa Afrika Mashariki wakalipokea kutoka kwa jirani zao Waislamu.

Upande mwingine yapo maneno ya Kibantu, na hayo ndiyo yanayobeba mambo ambayo Biblia inayasisitiza kwa namna yake: Mungu, wokovu, ufufuo, upendo, mwana-kondoo. Majina ya watu nayo yaligawanyika. Musa, Daudi, Ibrahimu, Sulemani na Ayubu yanafanana kwa pande zote mbili. Lakini Isa akawa Yesu, Yahya akawa Yohana, na Yunus akawa Yona. Kwa hivyo msikilizaji wa Pwani anaposikia Biblia ikisomwa, hufahamu nusu ya maneno kama mtu wa nyumbani, kisha jina moja humkumbusha kwamba yumo katika nyumba ya jirani. Tunadhani hiyo ni hali ya kweli kuliko kujidai kwamba nyumba ni moja, au kwamba hakuna ujirani.

Juhudi ya kuyaondoa

Si kila mtu aliridhika na ujirani huo. Karl Roehl, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Aliona kwamba Kiswahili cha watangulizi wake kimeelemewa na Kiarabu, akakusudia kuyaondoa maneno hayo kadiri ilivyowezekana na kuweka ya Kibantu badala yake. Nia yake ilikuwa kuwakaribia watu wa bara, ambao hawakulelewa katika vyuo vya Qurani. Hoja hiyo haikosi uzito.

Lakini wakati huo maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuhama. Mtu wa Masasi au wa Bukoba aliyesema rehema hakuwa akisema Kiarabu, bali neno alilofundishwa kuombea. Tafsiri ya Muungano, iliyokusanya mapokeo ya Unguja na ya Mombasa katika Kiswahili sanifu, ilitoka kwa Agano Jipya mwaka 1950 na kwa Biblia nzima mwaka 1952. Maneno ya masheikh yalibaki humo, na ndiyo iliyoenea kuliko nyingine zote. Waislamu nao hawakukaa kimya katika uwanja huu wa tafsiri. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja alikamilisha Qurani Takatifu yake mwaka 1969, na familia nyingi za Maskati na Dubai zimeihifadhi hadi leo. Lugha iliyotumika katika kazi hizo mbili ina kamusi moja.

Njia ya Kongo

Kiswahili kilifika Ujiji, Nyangwe na Kasongo kabla ya Wabelgiji, kwa misafara ya pembe na ya watumwa. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, alikubali mwaka 1887 kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold II. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 nguvu ya Waarabu ilivunjwa huko, lakini lugha haikuvunjwa. Serikali ya kikoloni ilikitumia Kiswahili mashariki, na misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zikafundisha kwacho. Leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Kwa njia hiyo maneno ya kadhi wa Mombasa yakaingia katika katekisimu za watu ambao hawajaiona bahari.

Katika ukumbi wa Noordstation

Jengo la sasa la Noordstation ni la miaka ya 1950. Kituo cha kwanza kilikuwa upande wa kusini wa hapo. Kilihamishwa ilipojengwa reli ya kuunganisha kaskazini na kusini mwa mji, ambayo Mfalme Baudouin aliifungua tarehe 4 Oktoba 1952, mwaka ule ule wa Biblia ya Muungano. Reli iendayo Antwerp, bandari ya meli za Kongo, hupita hapo. Karibu yake ipo bustani ya Maximilien, ambako mwaka 2015 mamia ya waomba hifadhi walilala katika mahema.

Tumekaa katika ukumbi huo zaidi ya mara moja tukingojea safari. Safari moja, karibu yetu mama wa makamo wa Kivu alikuwa akimsomea mtu kwenye simu Zaburi ya 23, ile ya mchungaji. Alisoma taratibu, akirudia pale ambapo mtandao ulikatika. Kutokana na mazungumzo yao tulifahamu kwamba aliyesikiliza alikuwa Goma, mji ambao kundi la M23 liliutwaa mwisho wa Januari 2025. Mama hakuhubiri wala hakufasiri. Alisoma, akanyamaza, na yule wa upande wa pili akayarudia maneno, kama tulivyokuwa tukirudia nyuma ya mwalimu chuoni.

Sisi hatukuwa walengwa wa kisomo kile. Lakini tuliyatambua maneno mengi, na tulijua mengine yalitoka mitaa gani. Yule mama huenda hajapata kumsikia Sheikh Abdul Aziz, na wajukuu wa Sheikh huenda hawajui kwamba Zaburi za Kiswahili zilipitia mikononi mwake. Hasara ni ya pande zote mbili. Mkristo wa Kongo hunyimwa kujua kwamba lugha ya sala yake ina waalimu wenye majina. Mtoto wa Pwani aliyezaliwa Ulaya huambiwa kwamba turathi zake ni majumba na majahazi tu, na haambiwi kwamba lugha ya bibi yake inawaliwaza watu vitani.

Lipo na jambo la hati. Vitabu hivi vya misheni ndivyo vilivyoieneza herufi ya Kirumi, na kwa sababu hiyo Kiswahili kikapata wasomaji wengi. Kwa sababu hiyo hiyo watoto wetu hawawezi kusoma barua za babu zao zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Faida na hasara zilikuja katika jahazi moja.

Tunawaomba basi wasomaji wenye masanduku ya zamani nyumbani wayafungue. Biblia ya zamani, kitabu cha Zaburi, katekisimu, au barua ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kutoka kwa karani aliyefanya kazi na wamisionari, yote yana nafasi katika hifadhi moja. Asitupe mtu kitabu kwa kuwa si cha dini yake. Aandike kwenye kikaratasi kilikuwa cha nani, kilipatikana mji gani na mwaka gani, akitie ndani ya jalada. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka.