Mti wa Laana, Mti wa Baraka: Msalaba kati ya Karatu na Ngorongoro

Mazishi ya Kikristo Karatu hutanguliwa na mtoto. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mjukuu mmoja hukabidhiwa msalaba: mbao mbili zilizopigiliwa misumari na kupakwa rangi nyeupe, na juu yake fundi ameandika kwa brashi jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mara nyingi fundi hukosea kipimo, na jina la ukoo likabanwa pembeni kwa herufi ndogo. Mtoto anatembea mbele, jeneza nyuma yake, kisha kwaya, na vumbi jekundu linawafuata wote hadi kaburini. Hapo msalaba unasimikwa katika udongo mbichi, watu wanaweka mashada, wanarudi nyumbani.

Tumezoea kiasi kwamba hatuulizi tumesimika nini. Lakini Karatu na Ngorongoro ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu katika mwendo wa saa chache za barabara wanaishi Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe, na kila watu walikuwa na namna yao ya kusema na kifo, na mti, na mpaka wa ardhi, kabla msalaba haujafika. Walioupokea hawakuupokea mikono mitupu.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Msalaba na kusulubu vimetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa neno *salib*. Kwa hiyo lugha iliyotupa jina la alama kuu ya Wakristo ndiyo lugha ya kitabu kinachokana kwamba Isa bin Mariamu alisulubiwa; Waislamu husoma hivyo katika Surat An-Nisaa, aya ya 157. Watu hupita hapa haraka, kana kwamba kuna ubishi tu wa ndiyo na hapana. Mimi naona pande zote mbili zinalinda heshima ya Mungu. Mwislamu anaiona heshima hiyo katika Mungu kumwokoa mtume wake asidhalilishwe na maadui. Mkristo anaiona katika Mungu kukubali kudhalilishwa. Na zote mbili zinakubaliana juu ya jambo ambalo Wakristo wengi wa leo wamelisahau: kusulubiwa kulikuwa aibu, na aibu kubwa.

Warumi walikusudia iwe hivyo. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kuzimwa mwaka 71 kabla ya Kristo, waasi wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma, ili kila mpita njia aone na mtumwa mwingine asithubutu. Wakristo wa karne za mwanzo waliijua adhabu hiyo kwa macho, na labda ndiyo maana walisita kuichora. Mchongo wa mlango wa kanisa la Santa Sabina huko Roma, uliotengenezwa yapata mwaka 430, ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za Yesu akisulubiwa mbele ya watu, na hata pale mbao za msalaba hazionekani vizuri. Kwa Wayahudi jambo lilikuwa zito zaidi, maana Torati ilimhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia hakuikwepa sheria hiyo. Aliikubali, kisha akasema Kristo aliibeba laana hiyo kwa ajili ya wengine.

Sasa turudi Karatu. Wairaqw walikuwa na desturi ya *meeta*, yaani kutengwa kwa watu waliofikwa na vifo vya aina fulani au misiba iliyohesabiwa kuwa na unajisi. Kaya iliyo katika meeta haikuchangamana na majirani: hawakunywa pombe pamoja, hawakuazimana vyombo, hawakukaa karibu. Muda ulipita, utakaso ukafanyika, ndipo mlango ukafunguliwa tena. Mgeni anaweza kuona ukatili hapo, na kweli kulikuwa na machungu mengi, kwa mama aliyefiwa hasa. Lakini msingi wake ulikuwa uangalifu: kifo hakimhusu mtu mmoja, kinaweza kuigusa nchi nzima, mvua yake na mifugo yake. Ardhi ya Wairaqw, *aya*, ina mipaka, na ibada zake za utakaso huihusu mipaka hiyo.

Mtu aliyelelewa katika fikra hizo akisikia Waraka kwa Waebrania ukieleza kwamba Yesu aliteswa nje ya lango la mji, hahitaji kufafanuliwa. Anajua nje ya lango ni wapi. Anajua aliyeko huko yuko katika hali gani, na nani anaruhusiwa kumsogelea. Kinachomshtua ni hatua inayofuata: kwamba aliyetengwa ndiye anayetakasa, na kwamba waumini wanaalikwa wamfuate huko nje, waishiriki aibu yake. Katika meeta unajisi unakaa na aliyefikwa nao mpaka utakaswe. Katika msalaba mmoja anauingia kwa hiari ili wengine watoke. Tofauti ni kubwa, wala sitaki kuipunguza. Ila nasema bila kusita kwamba bibi mzee wa Mbulumbulu, wilayani Karatu, anayeikumbuka meeta yuko karibu zaidi na Yerusalemu ya karne ya kwanza kuliko kijana wa mjini anayevaa msalaba wa dhahabu shingoni kwa sababu unang'aa.

Kuna jambo jingine la Kiiraqw ambalo halinitoki. Jina la Mungu katika lugha hiyo, *Looaa*, limefungamana na jina la jua, na Looaa husemwa kama mama, mwema, chanzo cha uhai. Upande wa hofu ni wa Neetlaangw, anayehusishwa na chemchemi na mito. Injili zinasema Yesu alipokuwa msalabani giza lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa. Wasomaji wa lugha nyingi za Ulaya hulazimika kuambiwa kwamba maana yake ni adhuhuri hadi alasiri. Sisi hatulazimiki: saa za Kiswahili na saa za Injili zinahesabiwa namna moja, tangu kucha. Saa sita ni saa sita, jua la utosi. Anayelitaja jua na Mungu kwa karibu neno moja akisikia kwamba saa hiyo hiyo jua lilijificha, anasikia habari ya mama aliyefunika uso. Huo ni usomaji wangu, sidai kwamba ni mafundisho ya kanisa lolote.

Ukipita lango la Loduare kuingia Ngorongoro na kupanda ukingo wa kreta kuelekea Endulen au Nainokanoka, kisha mbele zaidi Loliondo, fikra zinabadilika pamoja na hewa. Kwa Wamaasai mti wenye heshima uko hai: *oreteti*, mtini mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, ambao chini yake watu humwomba Mungu wao, Enkai, huchinja, hubariki. Na alama ya amani ni nyasi mbichi mkononi. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo katika miaka ya 1960 na kuandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1978, alieleza jinsi nyasi zilivyopitishwa mkono kwa mkono katika Misa yao, kutoka boma hadi boma, ziwe ishara ya amani. Fikiria alama hizo mbili kwa pamoja. Mbao za Warumi ni mti uliokatwa, mkavu, chombo cha serikali. Nyasi za Wamaasai ni uhai wenyewe, chakula cha ng'ombe. Moja inasema amani imenunuliwa kwa kifo, nyingine inasema amani ndiyo malisho ya walio hai. Leo akina mama wa Kimaasai huvaa misalaba iliyoshonwa kwa shanga nyekundu, nyeupe na buluu, na humo kifo na uhai vimekutana bila mwanateolojia kuitwa.

Lakini pana mahali pagumu. Kijana wa Kimaasai anapotahiriwa hatakiwi kupepesa jicho. Akitetemeka chini ya kisu aibu inaiangukia familia yote. Watu waliolelewa hivyo watamsikiaje Yesu wa Marko, aliyelia kwa sauti kuu kwamba ameachwa? Yohana anamwonyesha mwingine: mtulivu, anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, anatangaza kazi imekwisha, anainamisha kichwa. Nadhani Yohana angeeleweka upesi zaidi bomani. Hata hivyo ni Marko anayeweza kuwafaa zaidi, kwa sababu anasema kile ambacho kijana hakuruhusiwa kukisema.

Na kuna ungamo la imani lililotungwa miongoni mwa Wamaasai na wamisionari wa shirika la Roho Mtakatifu, linalojulikana sana duniani. Ndani yake imo habari kwamba Yesu alipolazwa kaburini fisi hawakumgusa. Wasomaji wa mbali huiona kama pambo la Kiafrika, nami nasikitika, maana hapo ndipo penye uzito wote. Zamani Wamaasai hawakuwazika watu wa kawaida. Maiti ililazwa porini, fisi wakaja usiku. Aliyezikwa ni mzee mkubwa au laibon, kiongozi wa ibada, akafunikwa mawe, na kila apitaye akaongeza jiwe lake. Kusema fisi hawakumgusa ni kusema kwamba huyu aliyekufa kama mtu wa mwisho kabisa alilindwa kama mzee wa heshima. Kumbe aibu na utukufu wa msalaba vimeelezwa kwa mnyama mmoja.

Wadatoga wa Ziwa Eyasi wana njia tofauti kabisa. Kwao mzee aliyeheshimika hufanyiwa *bung'ed*: kichuguu kirefu cha udongo hujengwa juu ya kaburi, kikainuliwa kwa tabaka katika muda wa takriban miezi tisa, muda wa mimba, na watu hutoka mbali kuja kufunga ibada hiyo. Kaburi linakua. Msalaba wa kaburini Karatu unasimikwa katika dakika moja na una jina na miaka. Bung'ed haina maandishi yoyote, ina kimo tu na kumbukumbu ya watu. Pande zote mbili zinasema marehemu hajapotea, ila mmoja unategemea ahadi ya aliyekufa kabla yake, mwingine unategemea wajukuu watakaokuja.

Tusidhani kwamba Wakristo wenyewe wana neno moja. Ethiopia, ambako Mfalme Ezana aliweka msalaba kwenye sarafu za Aksum katika karne ya 4 mahali palipokuwa na mwezi na duara, msalaba ni ushindi. Kwa kawaida hauna mwili wa Yesu. Umesukwa kwa mapambo kama matawi, na sikukuu ya Meskel, tarehe 27 Septemba, huadhimishwa kwa moto mkubwa kukumbuka jinsi Malkia Helena alivyoupata. Huko Kongo, nabii wa kike Kimpa Vita alifundisha kinyume: msalaba usiheshimiwe, kwa kuwa ndio chombo kilichomuua Yesu. Alichomwa moto mwaka 1706. Sikubaliani naye, lakini namheshimu: aliitazama ile mbao akaona alichokiona mtumwa wa Kirumi kando ya barabara. Na Karatu yenyewe, Mkatoliki hufuata Njia ya Msalaba kwa vituo 14 Ijumaa za Kwaresima, macho yake kwa Yesu aliyetundikwa, ilhali Mlutheri huketi mbele ya msalaba mtupu na kusema amefufuka. Utupu huo, tukumbuke, haukutoka kwa Luther, ambaye mwaka 1518 kule Heidelberg alitetea teolojia ya msalaba na ambaye wafuasi wake Ujerumani waliendelea kuziweka sanamu za Yesu msalabani. Walioziondoa makanisani ni wanamageuzi wa upande wa Zurich na Geneva.

Msalaba unaonigusa kuliko yote uko Zanzibar, katika kanisa la Waanglikana la Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Umechongwa kwa mti wa Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa mwaka huo huo. Adhabu ya watumwa wa Roma imetundikwa pale walipouzwa watumwa wa Afrika Mashariki. Hapo Mwiraqw wa meeta, Mmaasai wa fisi na Kimpa Vita wangeweza kusimama pamoja, na kila mmoja angekuwa na la kusema.

Ule msalaba wa mbao wa Karatu haukai sana. Mwaka mmoja, miwili, mvua za masika huifuta rangi, mchwa hupanda kutoka chini, jina la ukoo lililobanwa pembeni ndilo hutangulia kupotea. Familia ikijaliwa hujenga kaburi kwa saruji na vigae, msalaba mpya ukawekwa. Wa zamani huegemezwa nyuma ya kaburi, au ukaachwa mahindi yaote kuuzunguka.