Winifred Atwell na Mlango wa Sydney: Piano, Umaarufu na Sheria ya Uhamiaji, 1955–1983

Winifred Atwell alizaliwa Tunapuna, Trinidad, mwaka 1910 kwa mujibu wa baadhi ya vyanzo na 1914 kwa vingine, katika familia iliyokuwa na duka la dawa. Alisomea ufamasia kwa kuwa ndiye aliyetarajiwa kulishika duka hilo, ingawa piano alikuwa akiipiga tangu utotoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatumbuiza wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa kwenye kambi ya ndege ya Piarco. Mmoja wao alimwekea dau kwamba muziki wa bugi (boogie-woogie) hatauweza. Akaenda kutunga kipande kilichokuja kujulikana kama "Five Finger Boogie". Baadaye alikwenda New York kusoma, na mwaka 1946 akaingia London kujiendeleza katika Akademia ya Kifalme ya Muziki.

Trinidad ndiko chimbuko la kalipso, wimbo wa msimu wa kanivali unaowasuta wakubwa bila kuwaomba radhi. Atwell hakuwa mwimbaji wa kalipso, na hakuna faida ya kumvisha joho hilo. Lord Kitchener na Lord Beginner, walioshuka Tilbury mwaka 1948 kutoka meli ya Empire Windrush, ndio walioibeba kalipso hadi London. Mwenzao wa kisiwa kimoja, aliyewatangulia kwa miaka miwili, alifika na Chopin mkono mmoja na bugi mkono wa pili. Hata hivyo, kokote alikokwenda wasikilizaji walitaka kumsikia kama "sauti ya visiwani", na Sydney haikuwa tofauti.

Juu ya mafanikio yake ya Uingereza hakuna ubishi, hivyo yatatajwa kwa ufupi. Mwaka 1952 "Black and White Rag" ilimfanya ajulikane kila nyumba. Mwaka 1954 "Let's Have Another Party" ilishika namba moja, na hivyo akawa msanii wa kwanza mweusi kufika kileleni mwa chati ya Uingereza. "The Poor People of Paris" ikarudia jambo hilo mwaka 1956. Jukwaani alianza na piano kubwa ya kifahari kwa muziki wa kiklasiki, kisha akahamia kwenye "piano nyingine", kuukuu na yenye sauti ya kukwaruza, iliyonunuliwa kwa shilingi 50 katika duka la vitu chakavu huko Battersea. Kifaa hicho kilichochakaa kilizunguka naye dunia nzima, na ndicho kilichomletea fedha.

Ubishi unaanzia Australia. Simulizi la Kiingereza huifanya Sydney kuwa kiinuamgongo: nyota imefifia, bibi amekwenda kupumzika ufukweni. Simulizi la Kiaustralia humfanya kielelezo cha ukarimu wa taifa, mwanamke mweusi aliyependwa hadi akaamua kubaki. Makala haya yanayapinga yote mawili, la pili kwa nguvu zaidi. Kupendwa na umma na kukubaliwa na sheria ni mambo mawili, na maisha ya Atwell yanaonyesha jinsi yalivyoweza kuachana kwa miaka mingi.

Sheria yenyewe ya uhamiaji wa Australia ilikuwa ya mwaka 1901. Haikutaja rangi, bali ilimruhusu ofisa amtake mgeni kuandika imla ya maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa huyo, na asiyetakiwa aliweza kupewa lugha asiyoijua. Imla ilifutwa mwaka 1958, masharti yakalegezwa mwaka 1966, na serikali ya Waziri Mkuu Whitlam ikauondoa ubaguzi wa rangi katika sera ya uhamiaji mwaka 1973. Wasanii walipitia ufa mwembamba wa kibali cha muda. Mwaka 1928, mwaka uleule ambao Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, bendi ya Mmarekani mweusi Sonny Clay ilikuwa Australia ikipiga katika majumba ya burudani ya Tivoli. Polisi walivamia nyumba walikofikia wanamuziki hao mjini Melbourne, wakawakuta na wanawake wa Kizungu. Kashfa ikapamba magazeti na bendi ikalazimika kuondoka nchini. Kwa takriban robo karne bendi ya jazi ya weusi kutoka Marekani haikupata ruhusa tena. Waimbaji waliendelea kuja, kama Mills Brothers mwaka 1939, lakini tarehe yao ya kuondoka ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Atwell alipofika mwaka 1955 alipanda kwenye majukwaa hayohayo ya Tivoli, na akavunja rekodi za mapato. Kilichobadilika ni nini? Jibu jepesi ni kwamba nyakati zilikuwa zimebadilika: Louis Armstrong naye alikuwa amepiga Sydney mwaka 1954. Jibu hilo halitoshi. Atwell alikuwa raia wa himaya ya Uingereza, msanii aliyekwisha kupiga mbele ya Malkia Elizabeth, na aliongozana na mume wake Mzungu, Lew Levisohn, aliyekuwa pia meneja wake. Kilichowatia kiwewe watawala mwaka 1928 kilikuwa wanaume weusi wasio na msimamizi pamoja na wanawake weupe. Kwa Atwell kila kipengele cha hofu hiyo kilikuwa kimegeuzwa. Inaelekea mlango haukupanuliwa. Alipatikana tu mtu aliyeweza kupita bila kuugusa ukingo.

Nellie Small anafaa kulinganishwa naye. Huyu alikuwa mwimbaji mwenye asili ya Karibi lakini mzaliwa wa Sydney, aliyetumbuiza amevaa suti ya kiume, na aliyefariki mwaka 1968. Uraia hakuuomba, alizaliwa nao. Ila jina lake halikuwahi kung'aa hata robo ya lile la mgeni kutoka London. Anayetaka kuipima Sydney ya miaka hiyo aanze kwa Small.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, unatoka kwa Atwell mwenyewe. Mwaka 1962 alizungumza hadharani juu ya hali duni waliyoishi Waaborijini pembezoni mwa mji wa Moree, kaskazini mwa New South Wales, na kauli yake ikatawala vichwa vya habari. Tarehe hiyo izingatiwe. Miaka mitatu baadaye, Februari 1965, Charles Perkins na wanafunzi wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipanda basi hadi mji huohuo kupinga kanuni iliyowazuia Waaborijini kutumia bwawa la kuogelea, na safari hiyo ikaingia katika vitabu vya historia. Mpiga piano wa burudani alikuwa amekwisha kuutaja mji huo. Kudai kwamba aliwafungulia njia wanafunzi ni kuvuka mpaka wa ushahidi. Kudai kwamba alikuwa mgeni mchangamfu asiyeona kitu ni kuvuka mpaka zaidi.

Pingamizi lililo wazi ni kwamba yeye binafsi aliwahi kusema ubaguzi haukumgusa, kwamba umma ulimdekeza mno. Wanaomtumia kama kielelezo cha ukarimu huishia kwenye kauli hiyo. Lakini anayekiri kudekezwa anakiri kwamba kuna wasiodekezwa, na Moree inaonyesha aliwajua ni akina nani.

Kuhusu dhana ya kiinuamgongo, santuri ya "Ivory and Steel", iliyorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1960, inatosha. Ndani yake Atwell anapiga pamoja na Pan Am North Stars, kundi la Trinidad lililoongozwa na Anthony Williams, lililotumia ngoma za chuma zilizobuniwa kutokana na mapipa ya mafuta. Sydney ilikuwa imekwisha kuizoea kalipso kupitia santuri za mwimbaji Belafonte na timu ya kriketi ya Frank Worrell, iliyozuru mwaka 1960–61 na kubandikwa jina hilo kila ilipocheza. Atwell angeweza kuuza bidhaa hiyohiyo. Badala yake aliziingiza ngoma za mtaani katika muziki wa kiklasiki, akazichukulia ala hizo kuwa sawa na piano yake. Hii si kazi ya mtu anayepumzika.

Nyumba ya kudumu aliipata kaskazini mwa Sydney, kwanza ghorofa lililotazama bahari huko Collaroy, ambako alikuwa akirejea baina ya ziara, na katika miaka ya 1970 akahamia moja kwa moja. Levisohn alifariki mwaka 1977. Atwell alipatwa na kiharusi mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaaga jukwaa katika kipindi cha televisheni cha Mike Walsh, akabaki kupiga kinanda cha kanisa katika parokia ya Kikatoliki ya Narrabeen. Uraia wa Australia aliupata takriban miaka miwili kabla ya kifo chake, robo karne baada ya Tivoli kumshangilia kwa mara ya kwanza. Mapema mwaka 1983 moto wa hitilafu ya umeme uliteketeza nyumba yake. Akiwa amehifadhiwa na marafiki huko Seaforth, alipatwa na mshtuko wa moyo na kufariki tarehe 28 Februari. Alizikwa kando ya mumewe karibu na Lismore, na sehemu kubwa ya mali yake aliiachia taasisi ya mbwa wa kuwaongoza wasioona.