Kamera Nayo Ipige Hodi

Ndugu msikilizaji, siku hizi si ajabu kukuta katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au ukingoni mwa Ngorongoro, kundi la wageni kumi au kumi na wawili, kila mmoja na kamera shingoni, wakimfuata mtu mmoja mwenye sauti ya ualimu. Hao si watalii wa kawaida. Wamelipa ada ili wafundishwe kupiga picha wakiwa safarini. Mwalimu wao huwaonyesha wasimame wapi, jua liwe upande gani, na wasubiri nini kabla ya kubonyeza. Wengi wetu tunadhani biashara hii imezaliwa juzi, pamoja na ndege kubwa na hoteli za kitalii. La hasha. Somo hili lina zaidi ya miaka 130, na historia yake imepita mlangoni petu. Ni vyema tuijue, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotuhusu hadi leo.

Tuanze mwaka 1860. Mwaka huo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja wakijiandaa kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Safari yao ilikuwa chini ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Grant alikuja na kamera, na hapo Unguja alipiga picha kadhaa. Lakini msafara ulipovuka kwenda bara, kazi ikamshinda. Speke mwenyewe aliandika katika kitabu chake kwamba joto la ndani ya hema dogo la kutengenezea picha lingemuua mwenzake upesi kama angeendelea. Basi Grant akaiweka kamera kando, akachukua penseli na rangi za maji, akawa anachora.

Pengine kijana wa leo mwenye simu mfukoni atacheka. Asicheke. Wakati ule picha ilipigwa kwenye kioo. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakipaka dawa nzito kama gundi, akakichovya gizani katika maji yenye madini ya fedha, kisha akakitia ndani ya kamera kikiwa bado kimelowa. Akishapiga, hana budi kukimbilia tena gizani kukisafisha kabla dawa haijakauka. Muda wote aliokuwa nao ni dakika chache. Kwa hiyo kila aliyetaka kupiga picha moja ya mto ilimbidi abebe kamera nzito, kiguzo cha miguu mitatu, masanduku ya vioo, chupa za dawa, maji safi na hema la giza. Nasema abebe, lakini sote tunajua nani alibeba. Walibeba wapagazi, wengi wao wakiwa watu wa mwambao na wa bara yetu.

Mambo yalibadilika miaka ya 1870 na 1880. Mwaka 1871 daktari mmoja wa Uingereza, Richard Leach Maddox, alitangaza njia ya kutengeneza vioo vikavu. Baadaye vikaanza kuuzwa vikiwa tayari kutoka kiwandani. Msafiri akaweza kupiga picha leo porini na kuisafisha wiki nyingi baadaye. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman akatoa kamera ndogo ya Kodak, ambayo mtu akiishamaliza picha zake 100 aliirudisha nzima kiwandani akasafishiwa huko. Hapo ndipo ilipowezekana kumfundisha msafiri wa kawaida kupiga picha bila ya kumfanya kwanza awe mkemia.

Na mwalimu akapatikana. Jina lake John Thomson, mzaliwa wa Edinburgh, mwaka 1837. Huyu si Joseph Thomson aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883. Ni mwingine kabisa. John Thomson alikwenda Singapore mwaka 1862, akapiga picha za mfalme wa Siam, akafika magofu ya Angkor huko Kambodia mwaka 1866, na baadaye akazunguka China hadi mwaka 1872. Kazi yake ya China ilitoka katika majuzuu manne, mwaka 1873 na 1874, ikiwa na picha 200. Aliporudi London hakuacha; mwaka 1877 yeye na mwandishi Adolphe Smith walianza kutoa picha na habari za maskini wa mitaa ya jiji hilo. Ilipofika mwaka 1886, Jumuiya ya Jiografia ilimteua kuwa mwalimu wa upigaji picha kwa wasafiri waliokuwa wakijiandaa kwenda nchi za mbali. Kwa maoni yangu, huo ndio mwanzo hasa wa somo ambalo leo linatembezwa katika vichochoro vyetu.

Miongoni mwa waliojifunza kwake ni mwanamke mmoja aliyenivutia sana, Isabella Bird. Alizaliwa mwaka 1831, kwa hiyo alipoanza kujifunza kamera miaka ya 1890 alikuwa amepita umri wa miaka 60. Mwaka 1892 aliingia katika kundi la kwanza la wanawake kupokewa na Jumuiya hiyo. Mwaka uliofuata wakubwa wa Jumuiya wakaufunga mlango, na wanawake wakangoja hadi mwaka 1913 ndipo ukafunguliwa tena. Mama huyu hakungoja mtu. Alikwenda China, akapanda mto Yangtze kwa mashua, na usiku, mabaharia wake wamelala, alisafisha vioo vyake gizani na kuvisuuza kwa maji ya mto yaliyojaa matope. Asubuhi akaendelea na safari. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1899. Ukisikia mtu wa miaka 40 akisema amezeeka kujifunza ufundi mpya, mkumbushe habari za bibi huyu.

Sasa, ndugu msikilizaji, naomba tuutazame tena huo mwaka 1886. Katika mwaka uleule ambao London iliweka mwalimu wa kuwafundisha wasafiri kupiga picha, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kugawana Afrika Mashariki. Sultani Barghash wa Zanzibar akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Sehemu kubwa ya bara ikakatwa mapande mawili. Sisemi kwamba kamera ndiyo iliyoigawa nchi. Waliogawa ni watu, kwa kalamu na mizinga. Lakini msafiri aliyerudi na ramani, vipimo na picha alikuwa anaandaa maarifa ambayo wenye kalamu waliyahitaji. Picha ya mlima ilisema mlima upo. Picha ya mto ilisema njia ipo. Na picha ya mtu mara nyingi haikusema jina lake. Ilisema ni wa kabila gani, kama vile mtu anavyoandika aina ya samaki.

Mwaka 1891 Thomson aliandika makala juu ya picha na safari za uvumbuzi. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba picha haidanganyi, kwa hiyo msafara usio na kamera haujakamilika. Hapa mimi sikubaliani naye. Kioo kweli hakidanganyi, lakini kioo hakijipeleki chenyewe. Yupo mtu anayechagua wapi pa kuelekeza. Speke na Grant walikuwa na kiongozi wa watu wao, Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyejua njia, lugha na tabia za watu kuliko wao wote wawili. Safari ilipokwisha mwaka 1863, Bombay na wenzake walifikishwa Cairo, wakapigwa picha huko, kisha wakarudishwa Unguja kwa meli. Walipigwa picha, hakuna aliyewapa kamera. Jiulize tungekuwa na historia gani leo kama Bombay naye angerudi na vioo vyake, akawaonyesha watu wa Unguja jinsi Speke anavyoonekana akitetemeka kwa homa.

Thomson huyohuyo alieleza katika utangulizi wa kitabu chake cha China kwamba mara nyingi watu walimwona mchawi, wakiamini kwamba picha huleta mauti, na kwamba kuna mahali alipopigwa mawe. Wasomaji wake wa Ulaya bila shaka waliona huo ni ujinga. Mimi naona kuna swali ambalo hawakujiuliza. Mtu mgeni, humjui, hakukuamkia, anakuja na sanduku jeusi, analielekeza usoni mwa mwanao, kisha anaondoka na kitu ambacho wewe hutakiona tena. Ungefanya nini? Hofu ile haikuwa ya uchawi peke yake. Ilikuwa pia ni malalamiko ya mtu ambaye nyumba yake imeingiliwa bila hodi.

Mimi mwenyewe nimefundisha vijana upigaji picha na kuongoza makundi ya wageni mitaani, na nitasema ninayoyajua. Somo la picha za safari lina sehemu tatu. Ya kwanza ni chombo: ukubwa wa tundu la lenzi na kasi ya kufunguka na kufunga. Hiyo hufundishika kwa siku mbili. Ya pili ni mwanga. Sisi tupo karibu na ikweta, jua letu la adhuhuri husimama utosini na kuweka kivuli cheusi chini ya kila kofia. Mwanga wetu mzuri ni wa asubuhi hadi saa tatu hivi, na wa kuanzia saa kumi jioni. Hali kadhalika kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa huidanganya kamera, ikadhani mwanga umezidi, ikaufanya uso wa mtu kuwa giza. Hilo nalo hujifunzwa kwa mazoezi.

Na tusidhani kwamba ufundi wenyewe hauna upendeleo. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu za rangi vilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaja kuitwa Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, filamu ilihesabiwa ni nzuri. Nyuso zetu hazikuwamo katika kipimo. Kodak ilipoanza kuzirekebisha filamu zake, waliosikika zaidi walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Basi kijana akiambiwa kwamba mtu mweusi hatoki vizuri pichani, ajue kosa halikuwa la uso.

Sehemu ya tatu ya somo ni mtu anayepigwa picha, na hii ndiyo iliyoachwa nyuma tangu zamani. Wageni ninaowaongoza hujua kamera zao kuliko mimi. Lakini wengi hawajui kwamba mzee anayeuza kahawa barazani huamkiwa kwanza, akaulizwa hali, na kahawa yake ikanywewa. Kanuni yangu ni fupi: hodi kwanza, kamera baadaye. Ukijibiwa karibu, piga. Usipojibiwa, ondoka, mlango wa uso ni kama mlango wa nyumba. Na nimeona mara nyingi kwamba picha inayotoka baada ya maamkizi hupendeza kuliko ya kuibia, kwa kuwa mtu anakutazama kama mtu anayemjua.

Wala sisi hatukukosa walimu. Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, kama ile ya Gomes, tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akairithi kazi. Huko ufundi ulifundishwa kwa kukaa na fundi, kushika ndoo ya maji, kuingia chumba cha giza, mpaka mkono ukazoea. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, aliianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 20. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro. Mtu huyo alipiga picha za nchi zetu akiwa mwenyeji.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ombi langu ni hili. Makundi haya ya mafunzo yanapokuja, tusiridhike kuwa madereva, wapagazi wa mikoba na nyuso za kupigwa picha. Dereva wa safari anayejua simba watapita wapi na jua litakuwa upande gani tayari ana nusu ya elimu ya picha. Anayekosa ni mtu wa kumpa kamera na nusu iliyobaki. Kila kundi linaloingia liwe na kijana mmoja mwenyeji anayejifunza pamoja nao, si nyuma yao. Mashirika ya utalii yanaweza kulitaka jambo hilo katika mikataba, na gharama yake ni ndogo. Na vijana wetu wenye simu, wanaompiga picha ajali barabarani kabla ya kumpa mkono aliyeumia, nao wakumbushwe kwamba somo la hodi haliwahusu wageni peke yao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni wa leo amekuja na kamera. Ni juu yetu mwenyeji kuona kwamba naye anapona.