Kabla Hatujachimba Lambo Jingine: Historia Fupi ya Udongo wa Kondoa

Ndugu wana-Kondoa, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Mwaka huu tunachangisha fedha za kupanda miti, vichaka na majani kuzunguka malambo yetu. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusichimbe lambo jipya kuliko kuhangaika na miche. Jibu limo katika historia yetu wenyewe.

Kondoa Irangi ikitajwa vitabuni, mara nyingi ni kwa vita vya Mei 1916, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapa. Majeshi yale yalikuja yakaondoka. Kilichotuumiza kwa muda mrefu zaidi ni mmomonyoko. Vilima vilikatwa miti kwa ajili ya mashamba na kuni, kisha wakati wa Waingereza vichaka vingine vikafyekwa ili kufukuza mbung'o. Mifugo ikamaliza kilichosalia. Mvua yetu ni ya miezi michache, lakini ikija huja kwa kishindo, na juu ya ardhi tupu ilichonga makorongo ambayo mtu mzima akiingia haonekani. Mchanga ukafunika mashamba ya mabondeni.

Jirani zetu wa Dodoma waliyaona hayo kwenye mabwawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walichapisha mwaka 1972 vipimo vya tope katika mabwawa manne: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Ukuta ulikuwa imara, lakini nafasi ya maji ilikuwa ikiliwa na udongo. Ndiyo maana tunasema kuchimba peke yake ni kumchimbia udongo mahali pa kulala.

Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Wazee wetu walichimba makingamaji, wakapanda mijohoro na mkonge. Lakini mifugo iliendelea kuchunga palepale, na kazi ikawa ngumu. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Mifugo ipatayo 90,000 ilihamishwa.

Hapa tusipambe. Majani yalirudi ndani ya miaka michache, vichaka vikaota vyenyewe bila kupandwa na mtu, na makorongo mengi yakatulia. Lakini kaya nyingi zilikosa maziwa, samadi na akiba yao kwa siku moja. Wengine walipeleka ng'ombe kwa ndugu nje ya eneo na hawakuwaona tena. Ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini walikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, nao hawakumfikia kila mtu. Kwa maoni yetu hifadhi ile ilifaa, lakini gharama yake ilibebwa na wachache mno.

Kwa hiyo safari hii hatumfukuzi mfugaji. Fedha zenu zitajenga kwanza birika la kunyweshea mifugo chini ya tuta, lenye bomba kutoka lambo, ili ng'ombe wasishuke majini na kubomoa kingo. Kisha tutaweka uzio wa mkonge. Pale maji yanapoingilia tutapanda mabingobingo kwa mistari iliyosongamana, yapunguze kasi ya maji na kukamata tope kabla halijafika. Juu zaidi, miti ya asili na mijohoro. Mikaratusi hapana, inakunywa sana. Na juu ya tuta lenyewe ni majani tu: mizizi ya mti hupenya, ikioza huacha matundu, na lambo huanza kuvuja.

Mabingobingo yatakatwa na kugawiwa wenye mifugo wakati wa kiangazi, zamu zikipangwa na kamati ya maji ya kila kijiji.

Miche inapaswa kuwa ardhini mvua za Desemba zikianza. Viriba vinajazwa miezi kadhaa kabla, hivyo mchango utakaotufikia mapema ndio utakaowahi msimu huu.